Kitabu umenunua kwa pesa yako, mbona kifaa kinakataa kukifungua? Soma hii kabla hujatoa hela nyengine

Hapa Malindi vifaa vya kusomea vitabu ni vingi kuliko watu wanavyodhani, manake Waitaliano wamekuja huku miaka nenda miaka rudi na wengi likizo ikiisha humwachia mpishi au mlinzi wa nyumba vitu kama hivi, Kobo, Kindle, Tolino, PocketBook, alafu vinaishia kwenye maduka ya simu mjini vikiuzwa kama tableti au vinafika kwa mtoto wa shule anayetaka kusomea setibuku. Hapo ndo maswali huanza. Kifaa kizima, skrini haiumizi macho hata ukikaa juani, chaji yake inakaa wiki kadhaa, lakini kitabu ukikitia hakifunguki na mtu anaamua kuwa kimeharibika na kukitupa kwenye droo. Mara nyingi hakina shida yoyote, ni kufuli tu.

Kufuli lenyewe linaitwa DRM. Muuzaji wa kitabu anayachanganya maandishi kwa namba za siri ili yasisomeke, na ufunguo wa kuyarudisha hupewi wewe mkononi, unafungwa na akaunti yako na kifaa ulichokisajili kwa akaunti ile. Kwa hivyo unapolipa hununui kitabu kama unavyonunua kile cha karatasi pale dukani, unanunua ruhusa ya kukisoma kwa masharti ya duka, na hili jambo liko kwenye masharti yale marefu ambayo kila mtu anabonyeza nakubali bila kusoma.

Watu wengi wanachanganya mambo mawili hapa, fomati, yaani aina ya faili, na kufuli. Chukua makasha mawili ya arusi, fundi mmoja, mbao moja, nakshi zile zile, moja liko wazi na jengine lina kufuli na ufunguo anao aliyeliuza. Ukiyatazama kwa nje ni yale yale. Ndivyo ilivyo EPUB, ambayo ndo fomati ya kawaida ya vitabu duniani tangu 2007, faili mbili zote zinaishia na epub, moja inafunguka popote na nyengine inafunguka kwenye kifaa kimoja tu na kwengine inakuletea ujumbe wa kosa. Kwa hivyo mtu akikuambia "kifaa changu kinasoma EPUB" amekupa nusu ya habari, muulize na kufuli gani.

Kufuli zenyewe si nyingi, ukizijua umemaliza kazi kubwa.

Ya kwanza ni ya Amazon. Kindle ilitoka 2007 na tangu siku hiyo Amazon wana fomati zao wenyewe, zamani MOBI na AZW, alafu AZW3, sasa KFX, na kufuli lao wenyewe ambalo hawamgawii mtu. Kitabu cha Amazon chenye kufuli hakisomeki kwenye Kobo, wala Tolino, wala kifaa kingine cha wino, yaani chenye skrini ya wino wa kielektroniki, kama hakiwezi kuweka apu ya Kindle. Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba si lazima uwe na kifaa cha Kindle. Apu ya Kindle ipo kwenye simu za Android, kwenye iPhone na kwenye kompyuta, ukiingia na akaunti yako vitabu vyote vinakuja, na ukishakishusha kitabu kwa waifai ya kazini unakisoma nyumbani bila bando. Kwa hivyo kama ulishanunua Amazon na kifaa ulicho nacho ni Kobo, usihangaike, soma kwenye simu, kitabu kinachofuata ndo ubadilishe duka.

Ya pili ni ya Adobe, na hii ndo inayotumika na maduka mengi ya Ulaya na hata Kobo wenyewe. Uzuri wake ni kwamba haifungwi na kampuni moja ya vifaa, kitabu kimoja kinaweza kusomeka kwenye Kobo, Tolino, PocketBook na Nook mradi vyote vimesajiliwa kwa Adobe ID moja, yaani akaunti yako ya Adobe. Ubaya wake ni usumbufu, nitaueleza hapa chini manake ndo unaowashinda watu.

Ya tatu ni ya Apple. Kitabu chenye kufuli ulichonunua kwenye Apple Books kinasomeka kwenye iPhone, iPad na Mac, basi. Ukihama kwenda Android umekiacha nyuma. Kama familia yako nyengine wote wana simu za Android mimi sioni sababu ya kununua huko.

Alafu kuna LCP, kufuli jipya kidogo lililotoka kwa watu wa Readium, mradi wa programu huria za kusomea vitabu, na linasimamiwa na shirika la EDRLab la Paris. Hili halina mambo ya kusajili kifaa kwenye kampuni kubwa, unapewa neno la siri unaliandika mara moja kitabu kinafunguka, hata bila intaneti baada ya hapo. Kwenye kompyuta unakisoma kwa Thorium Reader ambayo ni ya bure. Shida ni kwamba vifaa vya zamani vya wino, na hivyo ndo tunavyorithi sisi huku, vingi havilijui.

Ya mwisho mimi naipenda kuliko zote na kusema kweli si kufuli. Ni alama. Duka linaandika jina lako au namba ya oda yako ndani ya faili, pengine mahali unapoona na mahali usipopaona, alafu linakupa EPUB iliyo wazi. Unaifungua popote, unaihamisha upendavyo, lakini ukiisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp itajulikana imetoka kwa nani. Wachapishaji kadhaa wa Italia wanatumia njia hii, ndo maana kifaa kilichoachwa na mgeni saa nyengine unakuta vitabu vyengine vinafunguka kokote na vyengine havitoki pale pale.

Faili la ACSM, hili ndo linaliza watu

Hapa naomba utulie manake ndo penye kesi nyingi. Unanunua kitabu kwenye duka linalotumia Adobe, unalipa, unashusha, unatazama kwenye simu unaona faili limeishia na acsm. Unaligusa, simu inakuambia haina programu ya kulifungua. Tazama saizi yake, ni kilobaiti chache tu. Hakuna riwaya ya kurasa 300 inayoenea kwenye kilobaiti 3 bwana. Lile si kitabu. Ni kikaratasi cha kuchukulia mzigo, ndani yake kumeandikwa kitabu gani, seva gani, muamala upi, na programu inayolielewa ndo inakwenda kwenye seva kukichukua kitabu chenyewe na kukifunga kwa jina lako.

Kwenye Android njia rahisi ni apu ya PocketBook Reader, ya bure, unaweka Adobe ID yako kwenye mipangilio alafu unafungua lile faili la acsm nayo inashusha kitabu. Kama unataka kukisomea kwenye kifaa cha wino utahitaji kompyuta, hata ya saiba, lakini kama ni ya saiba kuwa makini na hili ninalosema sasa. Unaweka programu inaitwa Adobe Digital Editions, inakuuliza usajili kompyuta, na pale pana kisanduku cha kusajili bila ID. USIKITIE TIKI. Ukisajili bila ID kitabu kinafungwa na kompyuta ile ile peke yake, yaani umelipa wewe kitabu kimebaki cha saiba. Tengeneza Adobe ID kwa imeili yako unayoikumbuka, sajili nayo, fungua acsm, chomeka kifaa kwa kebo, kitatokea upande wa kushoto, kivute kitabu ukiangushe pale, kisha chomoa kwa utaratibu usikurupuke. Ukimaliza na kompyuta si yako futa usajili wako, kwenye Windows unabonyeza Ctrl, Shift na D kwa pamoja, manake Adobe ID moja inakubali kompyuta 6 na vifaa 6, na kila mahali unapopaacha umesajiliwa ni nafasi umeipoteza.

Ukiona kosa la E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER maana yake faili lile la acsm lilishafunguliwa mara ya kwanza kwa ID nyengine, basi rudi kwenye ID ile ya kwanza, hakuna dawa nyengine isipokuwa kuwaandikia duka. Ukiona E_ACT_TOO_MANY_ACTIVATIONS umejaza zile nafasi zako na unahitaji kuwaomba Adobe wazisafishe. Makosa haya mawili ndo yanayowafanya watu waseme kifaa ni kibovu na hayahusiani na kifaa hata kidogo.

Kifaa ulichoachiwa na mgeni

Swali la kawaida kabisa ni hili, "kaka, mzee wangu wa Kiitaliano kaniachia hii, nawezaje kutia vitabu vya mtoto?" Ukiwasha unakuta menyu ya Kiitaliano, jina la mgeni juu, na riwaya zake mia na ushei. Kwanza, kama bado unawasiliana na mgeni mwambie akitoe kifaa kwenye akaunti yake, hasa kama ni Kindle, kwa sababu Kindle ikiendelea kuwa chini ya akaunti ya mtu basi kila ukibonyeza kununua ni kadi yake inakatwa, na hiyo ni aibu na inaweza kuwa kesi. Akishakitoa, au ukishapata ruhusa yake, kiriseti kabisa kutoka kwenye mipangilio kirudi kama kilivyotoka kiwandani, chagua lugha ya Kiingereza, jisajili kwa imeili yako. Ndiyo, vile vitabu vyake vya kununua vitakwenda, na ni haki viende, alikupa kifaa hakukupa ruhusa zake za kusoma.

Sasa cha kutia ndani. Kama ni Kobo, Tolino au PocketBook, EPUB isiyo na kufuli unaitia kwa kebo tu, unachomeka, unakopi, unachomoa, imekwisha. Kama ni Kindle, ukikopi EPUB kwa kebo hutaiona kabisa, faili lipo ndani lakini Kindle inalipita kana kwamba halipo, na watu wanalia hapa kila siku. Njia ni kutumia huduma ya Send to Kindle, unapandisha EPUB kwenye tovuti yao, hadi MB 200, au unaituma kwa imeili hadi MB 50 kutoka kwenye anwani uliyoiruhusu kwenye akaunti, nao wanaibadilisha na kuitupia kwenye kifaa. Tangu 2022 wanapokea EPUB. Lakini isiyo na kufuli! Ukituma ya Adobe wataikataa. Njia nyengine ni Calibre, programu ya bure ya kompyuta iliyoanzishwa na Kovid Goyal 2006, inageuza EPUB kuwa AZW3 kwa dakika moja na kuisukuma kwa kebo, tena hakuna bando linaloliwa. Calibre nayo ukiipa kitabu chenye kufuli itakuambia haiwezi.

Kumbuka pia jengine, Februari 2025 Amazon waliondoa ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa kebo. Hii imewagusa sana watu wenye Kindle za zamani na waifai dhaifu. Kwa hivyo Kindle kuukuu ambayo haishiki tena waifai ya nyumbani, mimi kwa bei yoyote sikushauri uichukue kwa ajili ya vitabu vya kununua. Kwa vitabu vya bure kupitia Calibre, sawa, chukua.

Na kuna vifaa ambavyo duka lake lilishafungwa. Sony walifunga duka lao la Marekani 2014 wakawahamishia wateja Kobo, Nook wakafunga Uingereza 2016. Kifaa cha Sony kama bado kinawaka kitasoma EPUB zilizo wazi vizuri tu. Ila mfano wa kuumiza zaidi ni wa Microsoft, Aprili 2019 walifunga duka lao la vitabu na Julai mwaka huo huo vitabu vyote ambavyo watu walishavinunua vikaacha kufunguka. Pesa walirudisha, hilo niseme kwa haki, lakini kitabu ulichokuwa katikati ya sura ya saba kinaondoka tu. Na Julai 2009 Amazon walifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili kutoka kwenye Kindle za watu kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo, ikaleta zogo kubwa hadi Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Hili ndo linanifanya nishikilie msimamo wangu, kitabu ambacho unataka mtoto wako akisome na mdogo wake akisome miaka kumi ijayo, kitafute kisicho na kufuli au kinunue cha karatasi.

Utajuaje kabla hujalipa

Kwenye duka la Kobo shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kitabu, kwenye maelezo kuna mstari wa namna ya kushusha, utaona EPUB alafu ama Adobe DRM ama imeandikwa haina DRM. Amazon hawasemi wazi kila mara, lakini wachapishaji wengine wanaandika kwenye maelezo kwamba kitabu kinauzwa bila DRM kwa ombi lao, kama Tor ambao waliacha kufuli 2012 kwa vitabu vyao vyote. Ukiona hakuna lolote lililoandikwa chukulia kina kufuli. Duka dogo lisiloeleza, waulize kwa imeili swali moja tu, faili nitakalopata ni la aina gani na lina DRM gani, wakishindwa kujibu hilo usinunue.

Vitabu vya Kiswahili vinavyouzwa na waandishi wetu wenyewe kwa M-Pesa na kutumwa WhatsApp mara nyingi ni PDF, pengine ina neno la siri. Hiyo haifungwi na kifaa, ukiwa na neno la siri inafunguka kwenye simu na kompyuta yoyote, ila kwenye skrini ya inchi 6 herufi zinakuwa kama chungu na ukizikuza unakwenda kulia kushoto kila mstari. Muombe mwandishi akupe EPUB. Wengi hawajui kuwa wanaweza kuitoa kutoka kwenye faili lile lile la Word, na ukimwambia kwa adabu anashukuru.

Kuhusu kuvunja kufuli, manake najua nitaulizwa. Programu zipo na majirani watakuonyesha, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 35, inahesabu kuvunja kinga ya namna hii kuwa ni kukiuka hakimiliki, hata kama kitabu umekinunua. Mimi sifundishi hiyo. Na mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo sana kwa kila nakala, grupu moja la watu 200 likigawana faili lake kazi yake ya miaka miwili imekwenda. Ninachokipinga ni kufuli linalomwadhibu aliyelipa na kumwacha aliyeiba akisoma raha mustarehe.

Wanaoumia zaidi ni wasioona. Kitabu kikiwa na kufuli, simu inaweza kushindwa kukisoma kwa sauti. Mwaka 2009 Kindle ilipokuja na sauti ya kusoma chama cha waandishi cha Marekani kililalamika na Amazon ikawapa wenye haki za vitabu uwezo wa kuizima kitabu kwa kitabu. Kenya ilijiunga 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kutengenezwa katika umbo wanaloweza kulisoma wasioona, na sheria yetu ikarekebishwa 2019, kwa hivyo kwa mwanafunzi asiyeona ipo njia halali ya kupata kitabu katika umbo analoweza kulitumia, mwalimu wake na shule wafuatilie kupitia taasisi zinazohudumia wasioona na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Usikubali jibu la "hakisomeki" likawa ndo mwisho.

Vitabu vya kuazima navyo vina kufuli lenye tarehe. Libby kwa mfano, apu ya kuazima vitabu vya maktaba, inataka kadi ya maktaba inayotumia huduma hiyo, na siku zikiisha kitabu kinajifunga chenyewe. Hapa angalia saa ya kifaa, kifaa kilichokaa droo chaji ikaisha kabisa kinaweza kuwaka na tarehe ya ajabu, alafu kinasema kitabu cha kuazima kimepitwa na wakati ilhali umekichukua jana. Kiunganishe na waifai au weka tarehe kwa mkono, kisha ukifungue tena.

Kwa vitabu vilivyo wazi na halali kabisa, Project Gutenberg ina maelfu ya vitabu vya zamani, vingi vya Kiingereza na vya Kiitaliano vipo pia, anayejifunza lugha kwa kazi ya utalii atafaidi. Standard Ebooks wanavitengeneza vile vile vikiwa nadhifu zaidi. Kwa watoto African Storybook ina hadithi za Kiswahili kwa leseni huria, unaruhusiwa kuzishusha, kuzikopi na kuzichapisha, mwalimu wa chekechea anaweza kuzitia kwenye vifaa vya darasa zima na hakuna wa kumuuliza.

Na siku ukitaka kukiuza kifaa chako au kumpa mtu, kitoe kwanza kwenye akaunti ya Amazon au Kobo, futa usajili wa Adobe kifaa kikiwa bado kinawaka, ndipo ukiriseti. Ukiriseti kabla ya kufuta, ile nafasi moja kati ya 6 imekwenda na itabidi uwaandikie Adobe kuirudisha. Risiti za vitabu zihifadhi kwenye imeili, zinasaidia duka likikuuliza ulinunua lini.